Kuomba Mafao ya Ulemavu Ukiwa na Jeraha la Neva Katika Mkono Mmoja

Anayeomba mafao ya ulemavu kwa sababu ya jeraha la neva katika mkono mmoja hukutana na swali ambalo waombaji wengine hawaulizwi: je, mkono wa pili si mzima? Huenda swali hilo lisitamkwe, lakini limo ndani ya fomu, limo machoni mwa mtathmini, na mara nyingi ndilo linaloandikwa kwa lugha ya kiofisi katika barua ya kukataliwa. Ombi langu la kwanza lilikataliwa kwa hoja hiyohiyo, kwamba mkono wangu wa kushoto unafanya kazi kikamilifu na hivyo ninamudu shughuli za kawaida. Ninamwandikia yule ambaye mkono wake umelegea, unawaka moto au umekufa ganzi, na ambaye ana fomu mbele yake na hajui aanzie wapi.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba mafao hayatolewi kwa sababu neva imekatika au imebanwa. Hutolewa kwa sababu kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyafanya, au anayafanya lakini si kwa usalama, si kwa kiwango kinachokubalika, si kwa muda unaostahili, wala si kila yanapohitajika. Uingereza imeviweka vigezo hivyo waziwazi katika kanuni za mafao yake, na hata kama unaomba kwingineko, nakushauri uvitumie kila unapojibu swali la fomu. Jina la jeraha peke yake halimwambii mtathmini mengi. Neva za mkono hutoka kwenye uti wa mgongo, kati ya ngazi zinazoitwa C5 na T1, zikasukana karibu na bega, kisha zikagawanyika tena kuelekea kiwiko na kiganja. Aliyeumia neva ya radiali kiganja chake huning'inia na hawezi kukiinua. Aliyeumia neva ya ulna hupungukiwa na nguvu ya kushika na hisia ya kidole kidogo. Aliyeumia neva ya mediani hupata taabu kukutanisha gumba na vidole vingine. Aliyechanika fungu zima la neva begani anaweza kubaki na mkono usiofanya lolote. Wote hao wanaweza kuandikiwa "jeraha la neva ya mkono" katika cheti cha mistari miwili, na hapo ndipo ombi linapoanza kudhoofika.

Kwa hiyo omba ripoti ya daktari bingwa inayotaja ni neva ipi, imeumia wapi, kwa kiasi gani, na nini kinatarajiwa. Kipimo cha umeme wa neva na misuli, kinachojulikana hospitalini kama EMG, kina uzito mkubwa, ila yapo mambo mawili ya kujua kabla hujakiambatisha. La kwanza ni tarehe. Baada ya neva kuumia, dalili za msuli uliokosa neva huchukua takriban wiki 2 hadi 3 kujitokeza, na hivyo kipimo kilichofanywa siku chache baada ya ajali kinaweza kuonyesha madhara madogo kuliko yaliyopo. Mwulize daktari kama kinafaa kurudiwa. La pili ni maumivu. Sehemu ya kipimo inayoangalia mwendo wa umeme hushughulika na nyuzi nene za neva, ilhali sehemu kubwa ya maumivu, pamoja na hisia ya joto na baridi, hupita katika nyuzi nyembamba. Majibu mazuri, basi, hayathibitishi kwamba huumwi, na sentensi moja ya daktari inayoeleza hivyo ina thamani kuliko kurasa nyingi utakazoziandika wewe mwenyewe.

Kuna namba moja inayoweza kumponza mwombaji, nayo ni 4. Madaktari hupima nguvu ya msuli kwa daraja 0 hadi 5: 0 ni pale ambapo hakuna mtikisiko wowote, 3 ni pale ambapo msuli unainua kiungo dhidi ya uzito wake chenyewe tu, na 5 ni nguvu kamili. Daraja la 4 maana yake ni kwamba msuli unahimili ukinzani kiasi. Asiye tabibu akisoma "4 kati ya 5" huhesabu asilimia 80 na kuona kuwa kilichopotea ni kidogo, wakati daraja hilo ni pana mno, likiwabeba pamoja mtu anayekaribia uzima na mtu ambaye msuli wake umebaki na sehemu ndogo ya nguvu zake za awali. Ripoti yangu ilijaa namba hiyo mstari baada ya mstari, nami sikuweza kuinua birika lililojaa maji. Kilichonisaidia ni kumwomba mtaalamu wa tiba kwa vitendo anipime mshiko kwa dainamomita, kifaa kinachobanwa kiganjani na kuonyesha nguvu kwa kilo, mkono mmoja baada ya mwingine, na kurudia. Huko kurudia ndiko kulikosema zaidi, kwa sababu mkono wangu ulianza vizuri kiasi kisha ukaporomoka, na kushuka kwa namna hiyo hakuonekani katika kipimo cha mara moja. Unaweza pia kuomba mzingo wa kigasha upimwe pande zote mbili na kuandikwa kwa sentimita. Msuli uliosinyaa ni ushahidi usiotegemea maneno ya mtu.

Fomu itakuuliza kama unaweza kuvaa, kuoga, kupika na kula. Usijibu kwa neno moja. "Naweza" huenda likawa kweli, lakini linaficha yote ambayo ofisi inahitaji kuyajua. Chukua shati. Mkono uliolegea huingizwa kwanza, ukivutwa na mkono mzima, kwa kuwa ukiachwa wa mwisho haupiti. Kisha vidole vya mkono mmoja hushika kifungo wakati tundu halina wa kulishika, na kila kifungo kinaposukumwa kitambaa hukimbia. Kifungo cha pale kwenye kifundo, upande wa mkono mzima, hakifungiki kabisa bila msaada, kwa sababu vidole vinavyoweza kukifunga ni vya mkono huohuo. Andika hivyo hivyo, ukitaja muda unaotumika, unachofanya badala yake, na nani hukusaidia. Fanya vivyo hivyo kwa kukata chakula sahanini, kufungua chupa ya dawa, kukamua kitambaa, kumpakata mtoto. Kama vidole vina ganzi, taja usalama: mkono usio na hisia haujui kwamba umegusa kitu cha moto hadi ngozi imeungua, na picha ya malengelenge yenye tarehe ina nafasi yake katika jalada lako.

Maumivu ya neva hubadilika, na ni vigumu kuyaeleza kwa sentensi moja. Kuna siku kuguswa na shuka tu huuma, na kuna siku mkono hutulia. Ndiyo maana daftari la kila siku ni la lazima: saa za maumivu, kilichoyaamsha, usingizi uliokatika, kazi iliyoachwa nusu. Humo andika pia dawa. Gabapentini na pregabalini, zinazotumika sana kwa maumivu ya neva, huweza kuleta usingizi na kizunguzungu, na mtu anayesinzia mchana au asiyeweza kuendesha gari kwa sababu ya dawa anazuiwa na tiba yenyewe. Hilo ni sehemu ya ulemavu wake, hata kama fomu haikuweka nafasi yake.

Sasa nirudi kwenye ule mkono wa pili. Usikwepe swali hilo. Lijibu kabla hujaulizwa. Kwanza eleza kama mkono ulioumia ndio uliokuwa ukiutumia kuandikia na kufanyia kazi, maana mkono wa pili, hata baada ya mazoezi, mara nyingi haufikii wepesi wa ule wa awali. Pili, onyesha ni kazi ngapi zinahitaji mkono mmoja ushike na mwingine utende: karatasi huteleza chini ya kalamu, sahani huzunguka chini ya kisu, kopo hugeuka pamoja na kifuniko chake. Tatu, mkono uliobaki hubeba mzigo wa miwili, na bega na kifundo chake vinaweza kuanza kuuma. Hilo likikutokea, mwambie daktari aliandike mapema, kwani maumivu yasiyomo katika kumbukumbu za matibabu hutazamwa kama yamezuliwa siku ya kuomba.

Kuhusu kazi, jina la cheo halitoshi. Vunja kazi yako katika matendo: uzito ulioinua, juu kiasi gani, mara ngapi kwa saa, kuandika kwa kompyuta, kutumia zana, kupanda ngazi ukishika pande zote. Mwajiri wa zamani au mfanyakazi mwenzako akiandika barua, mwombe aeleze alichokiona kwa macho yake badala ya kukusifu. Marekani, kwa mfano, huangalia si tu kama unaweza kurudi kwenye kazi yako ya zamani bali pia kama unaweza kufanya kazi nyingine, na hutaka hali iwe imedumu au itarajiwe kudumu kwa miezi 12 mfululizo. Hapo hoja ya muda inakuwa nzito. Neva iliyokatika huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, hivyo jeraha la begani linahitaji mwaka mmoja na zaidi kabla neva haijafika kiganjani, ikiwa itafika, na msuli uliokaa bila neva kwa muda wa mwaka hadi mwaka na nusu huanza kupoteza uwezo wa kupona. Mwombe daktari aandike matarajio hayo, hata kama upasuaji umefanyika na ulifanikiwa.

Siku ya kutathminiwa, usijikaze kisabuni na wala usiongeze chumvi. Mtathmini anakutazama unapovua koti, unapotoa karatasi, unapofungua mlango. Fanya kama unavyofanya nyumbani, na kama jambo umelifanya kwa maumivu, sema palepale. Nenda na mtu anayekujua, kwa sababu yeye ameshuhudia yale ambayo wewe umeyazoea hadi huyaoni tena.

Ukikataliwa, soma sababu zilizoandikwa, moja moja, na uzijibu moja moja kwa ushahidi mpya. Angalia tarehe ya mwisho kabla ya kitu kingine chochote: Marekani rufaa kwa kawaida hupewa siku 60 tangu kupokea barua, na Uingereza ombi la kuangaliwa upya hutakiwa kwa kawaida ndani ya mwezi 1. Rufaa yangu ilikwenda na vipimo vya dainamomita, kurasa za daftari, na maelezo mafupi ya mtaalamu kuhusu kazi za mikono miwili. Haikuwa na malalamiko juu ya aliyenikataa, ingawa nilikuwa na uchungu mwingi. Ilikubaliwa. Tunza nakala ya kila karatasi unayopeleka, pamoja na uthibitisho wa kupokewa, na usiache daftari baada ya kukubaliwa, maana mafao mengi hukaguliwa upya baada ya muda. Neva ikirudisha nguvu kiasi, toa taarifa, ukieleza kilichorudi na ambacho bado hakijarudi.