Wasomaji Wanauliza: Nataka kufungua kituo cha kupokelea taka za hospitali

SWALI: Shikamoo Bi Afya. Mimi ni kijana wa Mariakani, nina pikapu mbili na godauni tupu karibu na barabara kuu. Kliniki na zahanati 14, kutoka Mazeras mpaka Kaloleni, ziko tayari kunilipa nizizolee taka zao. Nimepanga kuzirundika godauni mpaka zijae lori, kila baada ya wiki mbili, kisha lori lizipeleke kwa mwenye tanuri la kuchomea. Leseni ya biashara ya kaunti ninayo. Jamaa mmoja ameniambia leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ni fomu tu ya kujaza. Ni kweli? – K., Mariakani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kumwaga saruji. Barua nyingi za aina hii hunifikia mtu akishajenga, na hapo ninabaki na pole tu ya kumpa.

Nianze na hizo wiki mbili, kwa sababu ndizo zitakazokukwamisha. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba katika nchi za joto, taka za kuambukiza zisizo kwenye baridi zisikae zaidi ya saa 48 msimu wa ubaridi, na saa 24 msimu wa joto. Wewe na mimi tunaijua Mariakani ya Februari. Tena saa hizo hazianzi mfuko unapoingia kwako. Zinaanza pale taka zilipotupwa, kule Kaloleni. Mfuko uliolala kliniki usiku mmoja unafika kwako ukiwa umeshaila siku yake.

Kwa hiyo una njia mbili. Unaweza kuzoa asubuhi na kupeleka mchana uleule, godauni ikawa mahali pa kupimia, kuandika na kuhamisha mzigo tu. Au unaweza kujenga chumba cha baridi cha nyuzi 3 hadi 8, ambamo taka huweza kungoja mpaka wiki moja. Wiki moja, si mbili. Chumba hicho kinataka jenereta, kinataka kipimajoto kinachosomwa na kuandikwa kila siku, na kinataka jibu la swali hili: umeme ukikatika Ijumaa usiku, nani anaamka? Mimi ningekushauri uanze na njia ya kwanza. Ina mafuta mengi barabarani, lakini haikuachii mzigo unaooza chini ya bati.

Sasa hilo la "fomu tu". Si kweli, na aliyekuambia hivyo atakuingiza hasara. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999, ile tunayoiita EMCA, inasema katika kifungu cha 87 kwamba taka hazisafirishwi bila leseni, na haziendi ila mahali penye leseni. Kifungu cha 88 ndicho kinachokutaka uombe. Kanuni za taka za 2006 zikazipa taka za kimatibabu sehemu yake peke yake, kisha ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Kwako wewe maana yake ni kwamba pikapu ina leseni yake na jengo lina lake. Kabla ya hiyo ya jengo kuna tathmini ya athari kwa mazingira, inayoandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Mtaalamu huyo utamlipa wewe, lakini usimwambie la kuandika. Mruhusu akae na majirani zako bila wewe kuwepo, wamweleze yaliyo moyoni.

Kabla hujamlipa mtu yeyote, nenda ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti uulize kiwanja chako kimeruhusiwa matumizi gani. Godauni la kuhifadhia simenti si kituo cha taka za hospitali, na kubadilisha matumizi ya ardhi kuna utaratibu wake. Nimeona mtu akilipia tathmini nzima kwa kiwanja ambacho kaunti isingekikubali kamwe. Ukishapata kibali, jengo hilo pia litakuwa mahali pa kazi, kwa hiyo lisajiliwe chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007.

Kuhusu jengo lenyewe, nikija kulikagua sitaanza na makaratasi. Nitamwaga ndoo ya maji katikati ya sakafu nitazame yanakwenda wapi. Yakituama, sakafu ina mabonde, na damu itatuama vilevile. Yakitoka mlangoni kuelekea barabarani, sitasogea hatua nyingine. Sakafu iwe ngumu, isiyonyonya, yenye mteremko wa kuelekea kwenye mfereji unaoishia tangi lako mwenyewe, si mtaro wa mvua wa mji. Maji ya kuoshea yawepo kila siku. Ukitegemea mitungi ya mkokoteni, jenga tangi kwanza. Madirisha yawe na wavu, mlango uwe na kufuli, na jengo liwe mbali kabisa na chochote cha kuliwa. Kunguru wetu wa Pwani usiwadharau. Nimewaona wakichana mfuko wa njano kwa dakika chache na kuruka na bendeji mpaka juu ya paa la madrasa.

Jambo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, nivumilie nikisimulia. Miaka mingi iliyopita nilikuwa afisa wa afya ya umma katika mji ambao sitautaja. Hospitali moja ilitoa mifuko 42. Kwenye tanuri ikapokelewa 38. Hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa kila upande uliandika katika daftari lake na madaftari hayakuwahi kukutana. Siku ya tatu nikaitwa shambani kwa mzee mmoja, nyuma ya stendi. Watoto walikuwa wamejaza mabomba ya sindano maji ya kisima, wanarushiana. Mvulana wa miaka saba alinionyesha kidole chenye tone la damu, akitabasamu, akidhani ni mwiba.

Nilimshika mkono mpaka hospitali. Sindano yenye damu ya mtu mwenye ukimwi huambukiza mara 3 katika kila 1,000, na hilo likanipa moyo kidogo. Lakini homa ya ini aina ya B huweza kufika mara 30 katika kila 100 kwa asiyechanjwa, na mtoto yule hakuwa amechanjwa. Akachanjwa siku hiyohiyo. Tulimpima kwa miezi sita. Alikuwa salama, Mungu ashukuriwe, lakini mama yake hakulala miezi hiyo, na mimi nilikuwa naiona sura yake kila nilipofunga macho.

Ndiyo maana nakuomba uipende ile fomu ya ufuatiliaji kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Kanuni za taka zinamtaka dereva awe nayo wakati wote akiwa na mzigo. Kliniki inasaini imetoa nini, dereva anasaini amebeba nini, mpokeaji anasaini amepokea nini. Wewe uko katikati, kwa hiyo pima mara mbili: mzigo ukiingia na ukitoka. Nunua mizani nzuri. Kila mfuko uandikwe jina la kliniki, tarehe na kilo, na nakala iliyosainiwa na mwenye tanuri irudi kliniki. Mfuko mmoja ukipungua, simamisha kazi yote mpaka uonekane.

Huyo mwenye tanuri muulize leseni yake mapema, uone tarehe, uchukue nakala, na mwandikiane mkataba unaosema atafanya nini mashine yake ikiharibika. Mahali pa kupitisha taka pasipo na uhakika wa zinakokwenda ni jaa lenye paa. Leseni ni za mwaka mmoja mmoja, kwa hiyo hata akiwa nayo leo, mwulize tena mwakani.

Wafanyakazi wako nao wachanjwe homa ya ini kabla ya siku ya kwanza. Viatu vya mpira, glovu nene, aproni. Visanduku vya sindano vikija vimejaa kupita robo tatu, vikataeni mlangoni kwa kliniki, kwa adabu, na kliniki itajifunza.

SWALI: Bi Afya, hapa Rabai tumesikia mtu anajenga ghala la taka za hospitali karibu na shule ya msingi. Chifu anasema kibali kimeshatoka. Sisi hatukuitwa kikao chochote. Tumechelewa? – Mzazi, Rabai

JIBU: Pengine bado, lakini msikae. Tathmini ya mazingira inatakiwa iwasikilize watu wa mahali hapo. Nendeni ofisi ya NEMA ya kaunti mkaombe kuiona ripoti, na mtazame kurasa za maoni ya wananchi. Kama kuna majina, yasomeni moja moja mkiulizana kama watu hao wapo na kama waliulizwa. Leseni kama imetolewa, kifungu cha 129 cha EMCA kinatoa siku 60 za kukata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal). Kwa hiyo swali la kwanza ofisini liwe tarehe ya leseni. Katiba, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani kuidai. Andikeni barua moja yenye saini nyingi, mpewe nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Ila niwaombe jambo. Taka hizi ni zetu, ni za wazazi wetu wenye kisukari na wake zetu waliojifungua, na lazima zipite mahali fulani. Pingeni mahali pabaya, lakini mkiitwa kikao kuhusu mahali pazuri, nendeni mkasikilize.

SWALI: Nina kliniki ndogo Malindi, chumba changu cha taka kina mlango na kufuli. Jirani yangu daktari wa meno anataka kuweka mifuko yake humo, tugawane gharama ya gari. Kuna ubaya? – Muuguzi

JIBU: Usimpokelee, dada yangu. Chumba chako kwa taka zako ni sehemu ya kliniki. Siku unapopokea za mwenzako umeanza kazi ya kituo bila leseni, na sindano itakayopatikana nje itaulizwa kwako. Mwambie aingie mkataba wake na msafirishaji huyohuyo mwenye leseni. Gari linaweza kusimama milango miwili kwa safari moja, likawa na fomu mbili.