Jibu: Shamba la mteremko Sironko, Uganda, mvua inabeba udongo

Ndugu, umeuliza uchimbe mitaro au upande miti tu kwa hiyo kahawa. Chimba kwanza, mche wa mwaka huu haushiki udongo. Ila levo ya mtaro usipime kwa macho, hapo ndo watu wengi huku Mlima Elgon wanaharibu, mtaro ukiinama kidogo tu maji yote yanakimbilia upande mmoja, yanapasua tuta halafu unabaki na korongo. Tengeneza fremu ya A, fito tatu umezifunga kwa umbo la herufi A, uzi wenye jiwe unaning'inia toka kileleni, uzi ukitulia kwenye alama ya katikati ya fito iliyokingama ujue miguu iko levo moja, piga kigingi, songa mbele. Udongo utupe upande wa juu, ndo mtaro unaoitwa fanya juu, na kwenye tuta panda mabingobingo, ng'ombe nao watashukuru. Lakini kama ni mwinuko mkali kama ule wa Bududa, hukuhuku Elgon, ulioporomoka 2010, mitaro achana nayo kabisa, maji yakituama mle yanalainisha mlima, weka miti ya mizizi mirefu. Na kama chini kuna mto, sheria ya Uganda inataka uache mita 30 bila kulima toka ukingoni, ile mikubwa 100.