Kijiwe kimoja chatosha kumtaja samaki aliyetoweka?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nikila kichwa cha changu hukuta vijiwe viwili vyeupe. Nimesoma kwamba kwa vijiwe vya masikio kama hivyo wataalamu huwatambua samaki waliotoweka zamani, hata kama mifupa yao haijaonekana. Wanajuaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Siku nyingine usivitupe. Osha kimoja, kikauke, kisha tazama kwa lenzi ule upande uliokuwa umeelekea ubongo. Utaona mfereji. Huo ndio tunaousoma kwanza: mdomo wake ni mpana au mwembamba, umefika ukingoni au umekomea ndani, mkia umenyooka au umepinda. Kila ukoo wa samaki una mfereji wa namna yake. Lakini kwa hongwe usiutafute. Kijiwe chake kikubwa ni cha jozi nyingine, maana samaki ana jozi tatu.

Mjerumani Ernst Koken aliiweka kazi hii kwenye msingi mwaka 1884, kwa vijiwe vya enzi ya kale iitwayo Oligosini, vya kaskazini mwa Ujerumani. Asipokuwa na uhakika wa jenasi, yaani kundi dogo ndani ya ukoo, aliandika Otolithus (Gadidarum), yaani kijiwe cha mmoja wa ukoo wa Gadidae, basi. Naupenda sana uaminifu huo.

Nauthamini kwa sababu mimi niliteleza. Nilipokuwa najifunza, nilichekecha mchanga wa Eosini, enzi nyingine ya kale, kutoka Ubelgiji, chekeche la matundu ya nusu milimita. Nikapata kijiwe kidogo cha mviringo na kikubwa kirefu chenye kingo za meno meno. Nikaandika spishi mbili. Wiki ya tatu vikatokea kumi na kimoja vya ukubwa wa kati. Nilipovipanga juu ya kitambaa cheusi, ule mviringo ulirefuka kidogo kidogo, meno yakachomoza, mfereji ukabaki uleule. Samaki mmoja, mtoto na mzee! Nikafuta jina moja.

Kwa hiyo kijiwe cha samaki mchanga, au kilicholika na maji, kisipewe jina jipya. Kinachotusaidia kuliko vyote ni kuwa na vijiwe vya samaki walio hai vya kulinganishia, na mara chache mno, kisukuku cha samaki mzima ambaye vijiwe vyake bado vimo kichwani.

Anza na changu wako, wadogo kwa wakubwa, sikio la kushoto na la kulia. Na uandike jina la samaki kabla hajaingia chunguni.