Digoksini imekutwa nyingi kwa marehemu, kapewa sumu?

SWALI: Habari daktari. Baba yetu mkubwa alikuwa anatumia digoksini ya moyo, akafariki usingizini. Maiti ikapimwa, majibu yanasema dawa kwenye damu ni 4.1 na kawaida haizidi 2. Sasa mashangazi wamemkalia kikao bi mdogo wake maana yeye ndo alikuwa anampa vidonge. Hiyo namba inatosha kusema kamzidishia?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Poleni sana na msiba. Haitoshi, na mashangazi wapoe kwanza.

Iko hivi, mtu akiwa hai digoksini nyingi haikai kwenye damu, imeng'ang'ania kwenye misuli, hasa moyo wenyewe, akishakufa seli zinaanza kuiachia inarudi kwenye damu iliyo jirani, kwa hiyo damu ikichotwa ndani ya moyo baada ya mwili kulala mochwari unaweza kukuta namba imepanda hata mara mbili bila marehemu kuongezewa kidonge chochote. Na hiyo 2 (nanogramu kwa mililita) ni ya mtu anayepumua, tena anapimwa angalau saa 6 baada ya kumeza.

Ulizeni damu ilichotwa wapi. Ya mshipa wa paja ina nafuu, japo nayo hupanda. Ulizeni pia kama walichukua maji ya ndani ya jicho, maana huko mambo hayavurugiki haraka, na yanaonyesha pia iwapo figo zilikuwa zimechoka. Hilo la figo msilidharau! Ndizo zinazoitoa digoksini mwilini, zikilegea dozi ileile ya kila siku inajikusanya mdogomdogo, na akiongezewa dawa nyingine za moyo kama amiodaroni au verapamili ndo inapanda zaidi.

Kule Toronto, Kanada, mwaka 1981 nesi wa hospitali ya watoto alishtakiwa kuua vichanga kwa digoksini, 1982 hakimu akamwachia, ushahidi haukutosha, na wataalamu wamebishana sana kuhusu zile namba. Ila sisemi haitokei. Charles Cullen, nesi wa New Jersey, aliua kweli kwa dawa hiyo na 2004 akakiri, lakini kwake hawakutegemea damu peke yake, rekodi za kabati la dawa zilionyesha anachukua nini na saa ngapi.

Kwenu kabati ni kopo la vidonge. Msilitupe. Tafuteni tarehe ya kununua, hesabuni vilivyobaki, na bi mdogo awepo mkihesabu.