Kitalu nyumba kimeng'olewa na upepo: kabla hujakisimamisha tena

Pole sana, dada. Umesema nguzo za mti za kitalu nyumba chako (banda la nailoni la kuoteshea mazao, yaani greenhouse) hapo Singida zilichimbiwa futi moja tu, upepo ukazing'oa pamoja na nailoni, na sasa unauliza kama umwage zege sakafu nzima. Usifanye hivyo. Utamaliza hela, na maji ya kumwagilia yatakosa pa kwenda. Zege liishie kwenye mashimo ya nguzo.

Upepo ukiingia ndani hukisukuma kitalu kwenda juu, kama mwavuli. Kwa hiyo kazi ya msingi wako ni kushika nguzo isichomoke, si kuizuia isididimie tu. Chimba sentimita 60 hadi 75, kwenye kona fika 90, na shimo liwe pana chini kuliko juu. Pigilia misumari ya inchi 5 kwenye kitako cha nguzo, nusu ibaki nje ili zege liing'ang'anie. Tandika kokoto kidogo, nyoosha nguzo kwa pimamaji, kisha mwaga zege la 1:2:4, yaani saruji kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne. Juu liinamishe kidogo kwenda nje, maji yasituame kwenye mti ukaoza. Limwagilie siku 7 ndipo ufunge paa.

Kona zitie mbao za mshazari. Nailoni ibane kwa vipande vya mbao, maana msumari mtupu huichana, na ncha yake ya chini ifukie kwenye mtaro wa sentimita 30, ushindilie vizuri.

Mlango uuweke upande ambao upepo hautokei, na ukianza kuvuma uufunge mara moja.