Ukienda Kujenga kwa Watu, Anza na Ndoo

Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa Sakina, Arusha, alinitumia meseji. Ameiona ile picha yangu ya Malawi, nimevaa kofia ya njano, mwiko mkononi, ukuta wa matofali mekundu unanifika magotini. "Shikamoo kaka. Na mimi nimepata nafasi ya kwenda nje kujitolea kujenga nyumba za familia maskini. Nifanyeje ili niwe kama wewe?"

Nilikaa na meseji hiyo siku nne bila kujibu, maana ukuta ulio kwenye picha ile haupo. Ulivunjwa jioni ileile, na aliyeuvunja hakuhitaji nyundo. Alitumia vidole.

Jibu lake naliandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi wetu tunaosoma hapa tuna ndoto moja: pasi yenye mihuri, jambo la kumwambia Mungu siku ya hesabu, na kama kuna cheti, basi na cheti kije. Sioni aibu kusema nilivitaka vyote vitatu.

Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Huu ni mwaka wa kumi na moja nauza saruji, nondo, bati, timazi, pimamaji. Mteja akiingia, nikimtazama viatu tu najua kama anajenga banda la kuku au ghorofa. Kwa hiyo lilipotangazwa kanisani kwamba kuna kikundi kinakwenda Malawi kujenga upya nyumba zilizobomolewa na Kimbunga Freddy, nilijiona nimeitwa kwa jina.

Freddy mnakikumbuka. Kilizunguka baharini zaidi ya mwezi mzima, kikaipiga Msumbiji mara mbili, na Machi 2023 mvua zake zikaishukia kusini mwa Malawi: Blantyre, Mulanje, Phalombe. Watu zaidi ya nusu milioni walikosa pa kulala. Mulanje ni chini ya mlima, na huko maji yalishuka na matope na mawe yake. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Tuje kwenye pesa. Kila mmoja alitakiwa achangie shirika, nauli juu yake. Pasi ya kusafiria 150,000, mchango, mabasi, chakula cha njiani, buti mpya. Jumla ikagonga milioni moja na laki nane. Kwa bei ya dukani kwetu hiyo ni saruji kama mifuko mia moja. Hesabu hiyo niliipiga nilivyorudi, sikuipiga kabla. Nikafungua kundi la WhatsApp la michango kama tunavyofanya kwenye harusi. Binamu yangu wa Kibosho akaandika, "Yaani tunakuchangia ukafanye kibarua?" Nikamtoa kwenye kundi. Shangazi hakuandika kitu, alinipigia. "Mwanangu, choo cha bibi yako kimetitia tangu masika. Wewe unavuka nchi kwenda kujenga?"

Nikamjibu, "Shangazi, hii ni kazi ya Mungu." Akanyamaza kidogo, akanitakia safari njema.

Safari siielezi. Ni basi juu ya basi hadi Mbeya, mpaka wa Kasumulu, Karonga, Lilongwe, Blantyre, na miguu iliyovimba kama mihogo.

Ilikuwa Julai 2024. Nilibeba fulana nikidhani Malawi yote ni joto la ziwa. Kumbe huku kusini Julai kuna kitu wanakiita chiperoni, manyunyu na ukungu wa baridi kutoka upande wa Msumbiji, ukikaa unakaa siku kadhaa. Mlima Mulanje hatukuuona hadi siku ya tatu. Mwenyeji wetu akanionyesha kilele chake, Sapitwa, akasema kwa fahari ni mita 3,002. Nikacheka kimoyomoyo, kwetu Kilimanjaro hapo hujafika hata Horombo, kambi ya njiani. Mnaniona nilivyokuwa.

Jioni ya kwanza mzee wa kijiji alitukaribisha kwa methali yao: *mlendo ndi amene amadza ndi kalumo kakuthwa*. Mgeni ndiye anayekuja na wembe mkali. Kwetu tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Nikavimba kichwa. Nikajua wembe ni mimi.

Nyumba tuliyopangiwa ilikuwa ya bibi mmoja anayelea wajukuu wanne. Tulimwita Agogo, ndivyo wanavyowaita babu na bibi. Nyumba yake ya zamani ilikuwa ya matofali mabichi ya udongo na msingi mfupi. Maji yalipojaa ukutani usiku ule, tofali la chini likarudi kuwa tope, na la juu likafuata. Alivyotueleza hakulia. Alionyesha kwa mkono tu: chini, halafu juu. Mpya ingekuwa vyumba viwili, matofali ya kuchoma, msingi uliopandishwa, paa lililotokeza nje ya ukuta na kufungwa kwa waya. Shirika linatoa saruji, bati na fundi. Familia inaleta maji na mchanga.

Fundi tulimwita Bambo, kama sisi tunavyosema mzee au baba. Mwembamba, mpole, soksi tofauti kila mguu. Siku ya tatu akanipa kipande cha ukuta kati ya kona mbili alizokwishasimamisha. Niliomba mwenyewe. Nilimwambia kwa mkalimani kwamba mimi niko kwenye ujenzi miaka kumi. Sikusema ni nyuma ya kaunta.

Nilijenga kozi tano, yaani mistari mitano ya matofali. Uzi ulinyooka, pimamaji likakubali, kiongozi wa kikundi akaja na simu akasema simama hapo, shika mwiko hivi. Picha ikaruka. Hadi usiku nilikuwa na "hongera" zaidi ya mia tatu.

Sasa kosa. Tofali la kuchoma likiwa kavu ni kama sifongo. Ukilipanga bila kulilowesha linanyonya maji yote ya mchanganyiko, na saruji haikauki kama matope, inashika, na ili ishike inahitaji maji. Haya mimi huwaambia wateja! Nimeyasema mara ngapi pale dukani nikiwa nahesabu chenji. Lakini siku ile kulikuwa na manyunyu, matofali yalionekana yana unyevu, ndoo za maji zilikuwa chache, na nyuma yangu watu walikuwa wanapiga picha. Unyevu ulikuwa wa juu tu, kama umande. Ndani yalikuwa makavu kabisa, yalikuwa yamefunikwa turubai wiki nzima.

Jioni Bambo akapita. Akaweka kidole gumba kwenye tofali la juu, akasukuma. Likatoka zima, safi, chini yake unga wa kijivu ukamwagika kama unga wa muhogo. Akatoa la pili. Akaniangalia, akasema "pang'onopang'ono", yaani kidogo kidogo, akaendelea kuvunja taratibu, kozi moja baada ya nyingine, bila kelele. Wajukuu wa Agogo wakachuchumaa kukwangua matofali kwa vijiti ili yatumike tena. Mdogo wao, labda miaka sita, alinipa kijiti na mimi. Tukakwangua wote hadi giza. Saruji ile haikurudi.

Picha sikuifuta. Hadi leo ipo. Ndiyo hiyo dada wa Sakina aliyoiona.

Kuanzia kesho yake nilikuwa saidia fundi. Kiongozi hakuniambia kitu, ila mwiko alimpa binti mmoja wa kijijini aliyekuwa anajifunza kwa Bambo, na mbele ya wote akasema "tuwaachie wanaojua". Lilinichoma, na bado linanichoma. Kosa angeweza kunieleza pembeni, na picha ile ni yeye aliyeipanga. Basi. Nikachukua ndoo.

Maji yalikuwa bondeni. Agogo anapandisha ndoo ya lita ishirini kichwani, mkono mmoja haujaishika, na njiani anasalimia watu. Mimi nilibeba yangu kwa mikono miwili ikinipiga magotini, nikafika juu na nusu. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akasema "zikomo", asante, kwa adabu kabisa. Siku ya sita nilikuwa nafika na robo tatu. Hayo ndiyo maendeleo yangu Malawi, na matofali yote yaliyopangwa kuanzia siku ile yalilowa kwenye pipa kwa maji ya Agogo na yangu.

Kwa hiyo, dada yangu, ushauri. Kabla hujalipa hata senti, uliza fundi ni nani. Kama jibu ni "ninyi wenyewe mtajenga", kimbia. Uliza katika pesa unayotoa, ngapi inakwenda kwenye saruji na bati na ngapi kwenye hoteli yenu. Uliza familia inachangia nini, maana mwenye nyumba asiyeulizwa chochote atakaa kwenye nyumba ya watu. Halafu tena, uliza fundi ni nani. Jifunze salamu zao. Beba sweta. Na kabla ya kwenda, nenda saiti yoyote hapo Arusha, omba siku tatu za kubeba karai, bure. Ukishindwa siku tatu Arusha, nje utakwenda kupiga picha.

Najua utaniambia habari za Jimmy Carter, rais mstaafu wa Marekani aliyefariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100, kwamba alijitolea kujenga nyumba za watu tangu 1984, na kwamba 2019, akiwa na miaka 95, alianguka nyumbani akashonwa nyuzi 14 na bado akaenda Nashville saiti na jicho limevimba. Ni kweli. Lakini yule mzee alikuwa seremala. Alitengeneza fanicha kwa mikono yake mwenyewe. Sisi tunaona kofia na nyundo, tunadhani ukivaa kofia nyundo inakuja yenyewe.

Vijana wenzangu, tupunguze njaa ya vyeti. Wazee wetu walikuwa na msaragambo, mtu anaitwa kuchimba mfereji wa jirani anakwenda, na hakuna aliyemuuliza ana uzoefu gani wa kimataifa. Leo tunataka huruma iwe na mhuri wa uhamiaji. Nami nasema haya nikiwa na cheti changu kimekunjwa kwenye bahasha, jina limekosewa herufi mbili.

Desemba nilipanda Kibosho kama Wachaga wote. Nilimrudisha binamu kwenye kundi la WhatsApp, nikamwomba msamaha kwa ndafu ya kuchangia, akaukubali haraka kuliko nilivyotarajia. Tukachimba shimo jipya la choo cha bibi, tukamlipa fundi wa pale pale mtaani, mimi nikawa wa maji na mchanganyiko. Matofali nililowesha hadi fundi akaniambia inatosha, unataka yaote? Mlango tu ndio niliomba nifunge mwenyewe.

Tulimaliza tarehe 28. Shangazi alikuja, akaingia, akatoka, akasema mlango umekaa upande.

Umekaa upande kweli.