Re: Baba ameambiwa ajifunze kubana pumzi kabla ya mionzi ya ini

Pole kwa kuuguliwa, dada. Umeuliza kwa nini mzee wa miaka 71 asumbuliwe na mazoezi ya kubana pumzi, na itakuwaje akikohoa mashine ikiwa inapiga mionzi.

Ini limekaa chini ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia unaotenganisha kifua na tumbo. Ukivuta pumzi linasukumwa chini, ukitoa linapanda, mara nyingi sentimita 1 hadi 2, na kwa wengine zaidi. Sasa uvimbe unaotibiwa ukicheza hivyo, inabidi mionzi ipanuliwe ili isiukose, na hapo sehemu ya ini isiyo na ugonjwa, tumbo na utumbo vinaumia bure. Ndiyo maana anaambiwa abane pumzi, kwa kawaida mwisho wa kuitoa, kwa sababu hapo ini hurudi karibu palepale kila mara.

Akikohoa asiogope. Wahudumu wanamwona kwa kamera na wanazima mionzi papo hapo, kisha wanampanga upya.

Mazoezi afanye hapo nyumbani Moshi, amelala chali, sekunde 10 kwanza, halafu 15, wewe ukimhesabia. Msimlazimishe! Wazee wetu hawapendi kushindwa, atajikaza hadi kizunguzungu.

Akishindwa kabisa, zipo njia nyingine: mkanda wa kubana tumbo ili apumue kifupi, au mashine inayopiga mionzi pale tu pumzi inapofika sehemu fulani. Waulize kituo chenu kina ipi, na kama siku hiyo aende bila kula. Tumbo lililojaa nalo husogeza ini.